Nyumba Ikiwa Kiinua Mgongo

Mkopo wa uzeeni kwa dhamana ya nyumba humwezesha mzee kupata fedha bila kuihama nyumba yake. Hafanyi marejesho ya kila mwezi. Riba hulimbikizwa juu ya deni, na mkopeshaji hulipwa nyumba inapouzwa baada ya mwenyewe kufariki. Nchini Uingereza mkopo wa aina hii huanzia umri wa miaka 55. Nchini Marekani ule unaodhaminiwa na serikali huanzia miaka 62. Kinga yake kubwa ni kwamba warithi hawadaiwi zaidi ya bei ya nyumba.

Ugumu wake umo katika riba juu ya riba. Shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka hukaribia milioni 2 baada ya miaka 10. Kwa asilimia 14, kiwango kisicho kigeni kwa wakopaji wa Kenya, fedha hizo hizo hufika milioni 3.7. Mstaafu wa miaka 60 akijaliwa kufika 80, deni linaweza kumaliza thamani ya nyumba nzima. Kwa Mwislamu, suala la riba huja hata kabla ya hesabu hiyo.

Rehani iliyozoeleka Kenya ni nyingine kabisa: marejesho huanza mara moja na hudaiwa kila mwezi, jambo zito kwa mtu ambaye mshahara wake umekoma. Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka ngome kadhaa. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Mdaiwa akishindwa kulipa hupewa notisi ya miezi 3 arekebishe, kisha siku 40 kabla ya mnada, na mkopeshaji analazimika kutafuta bei nzuri inayopatikana. Ngome hizo huchelewesha mnada. Deni lisipolipwa, haziuzuii.

Likoni, Kisauni na Changamwe, bara ya Mombasa, kuna swali linalotangulia yote hayo: ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya nani? Pwani ya Kenya, kwa athari ya sheria ya Kiislamu, jengo na hata mnazi vinaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Ndiyo maana familia nyingi zina nyumba bila ardhi: zimejenga kwa jasho lao na kumlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Benki hutaka hatimiliki, na mzee mwenye nyumba ya aina hiyo hana. Mwenye ardhi akiuza shamba lake, thamani ya nyumba inaweza kushuka hadi bei ya mabati, milango na mbao. Wako pia walioishi miaka mingi kama maskwota, kama ilivyokuwa katika shamba la Waitiki huko Likoni, ambako hatimiliki zilianza kutolewa mwaka 2016. Hati kama hiyo, iliyopatikana baada ya mahangaiko ya miaka, haifai kupelekwa benki kwa haraka.

Pwani ina kumbukumbu chungu ya kupoteza ardhi kwa deni. Katika bei khiyari, iliyotumika sana Unguja, mwenye shamba "aliliuza" akiwa na haki ya kulikomboa, akabaki humo akilipa kodi. Wengi hawakuweza kulikomboa kamwe. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1934 serikali ya Unguja iliweka sheria ya kudhibiti uhamishaji wa mashamba.

Njia yenye usalama zaidi ya kupata fedha bara ya Mombasa imo ndani ya nyumba ya Kiswahili yenyewe: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mara nyingi sita, na ua nyuma. Mzee akikaa vyumba viwili na kupangisha vinne kwa, mathalani, shilingi 3,500 kila kimoja, hupata 14,000 kwa mwezi, au 168,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kiko chini ya 288,000, kiwango ambapo kodi ya mapato ya upangishaji, asilimia 7.5 tangu 2024, huanza kutozwa. Changamwe, karibu na bandari ya Kilindini na viwanda, wapangaji wapo. Matengenezo ya paa na choo hayana budi kutengewa fungu, na stakabadhi za kodi ya kiwanja zihifadhiwe, kwa kuwa ndizo ushahidi wa mwenye nyumba panapozuka mzozo.

Kabla ya kupangisha, sembuse kukopa, ijulikane nyumba ni ya nani hasa. Nyingi ni mirathi isiyogawanywa: jina la marehemu liko kwenye karatasi, huku ndugu watano au sita wakiwa na mafungu yao. Kwa Waislamu shauri hilo humalizwa kwa Kadhi, na madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mrithi yeyote kupata fungu lake. Mzee anayeishi humo anaweza kuwa mmiliki wa sehemu moja tu ya sita, na sehemu hiyo pekee ndiyo anayoweza kuitolea uamuzi bila idhini ya ndugu zake.