Namba Isiyopangika Safu: 2,147,483,647

Mkuu wa gwaride akipewa askari 12, huwapanga bila taabu: safu 3 za wanne wanne, au safu 2 za sita sita. Akiongezewa mmoja wakawa 13, hapana namna ya kuwapanga sawasawa ila wasimame wote mstari mmoja. Namba za aina hiyo, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, huitwa namba tasa.

Miongoni mwake imo moja yenye sifa kubwa: 2,147,483,647. Hupatikana kwa kuzidisha pamoja mbili 31, kisha kutoa 1. Aliyethibitisha utasa wake ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel, Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi. Ilikuwa mwaka 1772, na macho yake yalikuwa karibu kupofuka kabisa.

Euler hakujaribu kila namba. Kama ingekuwa na vigawo, kimojawapo kisingezidi kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341. Tena alionyesha kwamba kigawo chake chochote, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakize 1 au 63. Kwa sheria hiyo, kazi ya maelfu ya majaribio ikawa ya mamia tu. Hakuna kigawo kilichopatikana.

Namba hiyo imerudi kwa mlango mwingine. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Zile zinazoandika namba kwa nafasi 32 huiacha nafasi moja kwa ajili ya alama ya chanya au hasi. Hubaki 31, na namba kubwa kupita zote iwezayo kuingia humo ni hiyo hiyo ya Euler.

Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Kikomo hicho kitafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7, kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mtambo usiorekebishwa utadhani ni tarehe 13 Desemba 1901.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Kijana anayeandikishwa leo katika jeshi au polisi aweza kuwa bado kazini siku hiyo. Mtambo unaodhani ni mwaka 1901 hauwezi kuhesabu sawasawa miaka ya utumishi wala malipo ya uzeeni.

Dawa yake yajulikana: kupanua nafasi ziwe 64, zinazotosha sekunde za zaidi ya miaka bilioni 290. Kompyuta nyingi zimekwisha kurekebishwa. Zinazohitaji kuangaliwa ni zile za zamani na zilizofichika ndani ya mitambo mingine. Nyumbani nako, hati za ajira na za mishahara zitunzwe vema sandukuni, kwani karatasi haipotewi na tarehe.