Macho ya Kongwa, maabara ya Dodoma

Kumkagua mtoto trakoma, yaani vikope, hakuhitaji mashine. Mpimaji huvaa miwani ya kukuzia mara mbili na nusu, huupindua ukope wa juu kwa kidole gumba, kisha huitazama ngozi laini ya ndani. Akiona vijipele vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, mtoto huyo anahesabiwa kuwa mgonjwa. Utaratibu huo ulitolewa mwaka 1987 chini ya Shirika la Afya Duniani. Miongoni mwa waliouandika ni Sheila West na Hugh Taylor wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ambao utafiti wao mkubwa ulifanyika Kongwa, mkoani Dodoma.

Wengi wetu tunaijua Kongwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa, na kwa kambi ya wapigania uhuru. Madaktari wa macho wa nchi nyingi wanaijua kwa vikope. Ugogo una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na ukipita, maji yanafuatwa mbali. Mama anagawa ndoo yake: ya kunywa, ya kupikia, ya ndama. Uso wa mtoto unakuja mwisho. Nzi hufuata makamasi na tongotongo, wakahamisha bakteria wa trakoma kutoka uso huu hadi ule. Mtoto akiugua mara kwa mara kwa miaka, ukope hufanya makovu na kujikunja kwa ndani, na ukubwani kope zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wapo bibi ambao hawaachani na kibano, wanang'oa kope moja moja ili wapate usingizi.

Kwamba kuosha uso kunasaidia, yeyote angeweza kusema. Kongwa walikwenda kulipima jambo hilo. Vijiji sita viliwekwa jozi tatu. Vyote vilipewa dawa ya kupaka machoni, lakini katika kila jozi kijiji kimoja kiliongezewa kampeni ya kunawisha watoto iliyowashirikisha wanakijiji wenyewe. Watoto 1,417 walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa trakoma kali ilipungua zaidi palipokuwa na kampeni. Leo usafi wa uso ni mojawapo ya nguzo nne za vita dhidi ya ugonjwa huu duniani, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira safi. Sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka kwenye nyuso za watoto wa Kigogo, na sioni kama tunajivunia vya kutosha.

Lakini vijipele havisemi yote. Ukope unaweza kubaki mwekundu wiki nyingi baada ya bakteria kufa, na bakteria wanaweza kuwapo ukope ukionekana mzima. Ili kujua, mpimaji anapitisha pamba kwenye ukope, sampuli inagandishwa, na maabara inatafuta vijinasaba vya bakteria. Mwaka 2008 ulipoanza utafiti mwingine katika jamii 32 za Kongwa, kupima mara ngapi watu wagawiwe dawa ya azithromycin, swali la kama bakteria bado wapo lilikuwa na uzito, kwa sababu serikali lazima ijue wakati wa kuacha kugawa dawa. Sampuli za Kongwa zilisafiri hadi Baltimore, Marekani, kupata jibu.

Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma, wana historia inayofanana. Daktari Allen Foster alifanya kazi katika hospitali ya misheni pale, na mwaka 1987 yeye na Alfred Sommer walichapisha taarifa ya watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho. Asilimia 37 walikuwa wametoka kuugua surua. Nyuma ya vidonda hivyo kulikuwa na upungufu wa vitamini A kwa wengine, virusi vya herpes kwa wengine, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Sababu tatu, vidonda vinavyofanana, na tiba isiyo moja.

Ndiyo maana nasema Dodoma inastahili maabara ya pamoja ya sayansi ya macho. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha sayansi za afya na kina ndaki ya kompyuta, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani. Kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho, mashine ya kukuza vijinasaba na friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri ni ghali mno kwa mtafiti mmoja. Kila idara ikinunua yake, nyingi zitafunikwa vumbi ufadhili ukiisha. Marekani, Taasisi ya Taifa ya Macho hutoa ruzuku maalumu kwa vyuo ili watafiti wengi watumie vifaa na wataalamu walewale. Picha za kope zikihifadhiwa Dodoma, vijana wa ndaki ya kompyuta wataweza kuifundisha programu kuhesabu vijipele, na wapimaji wa wilaya wakalinganisha macho yao na picha zilezile.

Mimi ningeanza na watu. Fundi wa kudumu anayelipwa na chuo, mtakwimu mmoja, jenereta inayowaka umeme ukikatika saa nane usiku, na daftari la zamu ambamo mwanafunzi wa uzamili na muuguzi wa Mvumi wanaandika majina yao sawasawa na profesa. Mashine zifuate baada ya hapo.