Usafi wa madirisha Bariadi: Mwenye biashara asipokagua, mteja atakagua

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

KIANGAZI kinapoingia mkoani Simiyu, vumbi la barabara za mitaani na la mashamba yaliyokwisha kuvunwa pamba hutua juu ya kila kitu. Mahali linapoonekana mapema kuliko pengine ni kwenye vioo vya madirisha. Dirisha lililosafishwa Jumatatu huweza kuonekana chafu Alhamisi, na mteja aliyelipa fedha zake hubaki akijiuliza: je, hili ni vumbi jipya, au kazi yenyewe haikufanyika ipasavyo?

Swali hilo ndilo linaloamua kama kijana aliyeanzisha biashara ndogo ya kusafisha madirisha ataitwa tena au la.

Simiyu ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2012, ikiundwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na Bariadi ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa huu, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Pamoja na ongezeko hilo zimekuja ofisi za serikali, mabenki, nyumba za wageni na hospitali ya rufaa ya mkoa. Majengo ya siku hizi hupenda vioo vipana katika fremu za alumini, na vioo vipana vinahitaji mtu wa kuvisafisha.

Mtaji wa kazi hii si mkubwa: ndoo mbili, brashi, kifutio cha mpira chenye mpini, vitambaa, sabuni ya maji na ngazi imara. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Aidha, utaratibu wa ununuzi wa umma unazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa ajili ya makundi maalumu, na usafi ni miongoni mwa huduma ambazo taasisi hizo hununua.

Lakini biashara ambayo kila mtu anaweza kuianzisha ni biashara ambayo kila mtu anaweza kunyang'anywa. Kinachomtofautisha huyu na yule ni ubora wa kazi tu.

Tatizo linapoanzia

Kwa kawaida mwenye biashara huanza peke yake. Hufuta kila pembe kwa mkono wake, na wateja humsifu. Kazi zikiongezeka huajiri watu watatu au wanne, naye huanza kuzunguka kutafuta wateja wapya. Hapo ndipo malalamiko yanapoingia. Vioo vina michirizi, nyavu za mbu zimerudishwa na vumbi lake, maji machafu yameachwa sakafuni.

Wengi hukimbilia moja kati ya njia mbili: kukata mshahara au kumfukuza mtu. Njia zote mbili huja kabla ya swali la msingi, yaani, je, mfanyakazi huyo aliwahi kuelezwa kazi nzuri ni ipi?

Neno "safi" halitoshi. Wakazi wa Simiyu wanalijua jambo hili kutokana na pamba. Mkulima haambiwi tu alete pamba nzuri; anafahamu kuwa pamba nyeupe hutengwa na pamba fifi, na kwamba uchambuzi hufanyika nyumbani kabla ya kufika kwenye mzani. Akichanganya, gunia zima hupoteza thamani. Dirisha moja lenye michirizi hufanya hivyo hivyo kwa madirisha mengine 20 yaliyong'aa.

Kiwango kinachoeleweka huandikwa kwa mambo yanayoonekana kwa macho. Kioo kisiwe na michirizi wala alama za vidole, ndani na nje. Pembe nne ziwe kavu. Fremu na njia ya chini ambamo dirisha husukumwa zisiwe na mchanga. Wavu uwe umeoshwa, nondo zimefutwa, sakafu imekauka, na kila kiti au pazia lililosogezwa limerudishwa mahali pake. Orodha hiyo iandikwe kwenye karatasi moja, na kila mfanyakazi awe nayo siku ya kwanza. Njia bora ya kuifundisha ni mwenye biashara kusafisha dirisha moja mbele yao, kisha kuwaacha wasafishe la pili huku akitazama.

Kosa lina chanzo

Si kila kazi mbaya ni uvivu. Jua kali likipiga kioo, maji ya sabuni hukauka kabla hayajafutwa na kuacha michirizi ambayo mfanyakazi hodari zaidi hawezi kuizuia. Maji ya kisima yenye madini mengi huacha madoa meupe yasipofutwa mapema. Kitambaa kilichofulia fremu kikipita kwenye kioo hurudisha uchafu. Na mtu anayesugua vumbi kavu bila kulilowesha husugua mchanga, na mchanga hukwaruza kioo. Hasara hiyo haina sabuni ya kuiondoa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wafanyakazi wanne wamesafisha jengo lenye madirisha 40, na mteja amelalamikia sita. Bosi mwenye haraka atamlaumu aliyekuwa upande huo. Lakini iwapo kuna daftari linaloonyesha nani alisafisha wapi na saa ngapi, huenda likafichua kuwa madirisha yote sita yako upande wa mashariki na yalifanyiwa kazi saa tatu asubuhi, jua likiyapiga moja kwa moja. Dawa yake si adhabu. Ni kubadili mpangilio: asubuhi wasafishe upande wa magharibi, alasiri wahamie mashariki.

Bila daftari, mtu asiye na kosa angeadhibiwa, na kesho yake michirizi ingerudi pale pale.

Ukaguzi usiomdhalilisha mtu

Ukaguzi una nyakati tatu. Wa kwanza ni mwanzoni, baada ya dirisha la kwanza au la pili, kwa kuwa kosa likigunduliwa hapo halitarudiwa mara 38. Wa pili hufanywa na mfanyakazi mwenzake kabla ya kuhamia chumba kingine, kwa sababu jicho lililosafisha huzoea doa lake. Wa tatu hufanywa na msimamizi pamoja na mteja kabla vifaa havijafungwa.

Kioo kisitazamwe kwa mbele tu. Msimamizi asimame upande, atazame kwa mshazari, ndani na kisha nje. Michirizi isiyoonekana kwa mbele huonekana hapo.

Mteja akiridhika aweke sahihi kwenye daftari. Akilalamika baadaye, kikosi kirudi mapema bila kumtoza tena, na sababu iandikwe. Daftari la mwezi mmoja likisomwa kwa utulivu linaweza kumfundisha mwenye biashara mambo ambayo hasira haimfundishi.

Namna ya kulipa nayo ina mtego. Anayelipa kwa idadi ya madirisha hununua haraka, na haraka ndiyo mama wa pembe zilizorukwa. Ni heri kulipa ujira wa siku unaoeleweka, kisha kuongeza zawadi kwa kikosi kizima pale kazi inapopokelewa bila lalamiko. Wasukuma wanaolima kwa pamoja kwa mdundo wa bugobogobo wanajua kuwa mstari ni mmoja, na aliyebaki nyuma huonekana. Zawadi ya pamoja huwafanya wenzake wamsaidie badala ya kumcheka.

Sheria inasemaje

Biashara kuwa ndogo hakuiondoi kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasira. Mfanyakazi akivunja kioo kwa uzembe wake, mwajiri anatakiwa kumpa maelezo ya maandishi kuhusu chanzo cha hasara, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, na kumpa nafasi ya kupinga. Makato hayawezi kuzidi hasara halisi, na kwa jumla hayapaswi kuzidi robo ya ujira wake wa fedha. Kukata ujira wa siku nzima kwa sababu ya michirizi ni jambo jingine kabisa, na ni kujitafutia kesi.

Kuhusu kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri apime mambo yanayofuatana kimantiki. Je, kiwango kilikuwapo na kilikuwa cha haki? Mfanyakazi alikijua? Kwa nini alishindwa kukifikia? Alipewa maelekezo, onyo na muda wa kutosha wa kujirekebisha? Kabla ya uamuzi asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake.

Msomaji ataona kuwa maswali hayo ndiyo yale yale ya daftari na orodha tulivyovieleza hapo juu. Mwajiri aliyeandika kiwango, akafundisha na kutunza kumbukumbu anacho cha kueleza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiye na karatasi hata moja ana maneno yake tu. Mfanyakazi naye ajue kuwa shauri la kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa tume hiyo ndani ya siku 30.

Uhai kwanza

Hakuna ubora unaostahili kununuliwa kwa mguu uliovunjika. Ngazi isimamishwe mahali pagumu na tambarare, mwenzake aishike, na madirisha ya juu yafikiwe kwa mpini mrefu badala ya mtu kuning'inia kwenye kizingiti. Kazi ya ghorofa inayohitaji kamba au jukwaa isipokewe na kikosi kisicho na vifaa wala mafunzo yake, hata kama malipo yanavutia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaweka wajibu huo kwa mwajiri. Vilevile mwajiri hutakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambapo kwa sekta binafsi kiwango kilishushwa mwaka 2022 hadi asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Ni fedha kidogo ikilinganishwa na gharama ya kumtibu aliyeanguka.

Usalama na ubora ni ndugu. Mtu anayetetemeka juu ya ngazi mbovu hafuti pembe ya juu. Anapapasa na kushuka.

Kwa vikundi ambavyo wanachama wake wote ni wamiliki, mambo haya yana ugumu wa ziada, kwani ni vigumu kumkosoa mwenzako aliyetoa mtaji sawa na wako. Hivyo kikundi kikubaliane mapema, katika katiba yake, nani atakagua, kwa zamu ipi, na nini kitafanyika kazi ikikataliwa. Makubaliano yakifanyika kabla ya lalamiko la kwanza, hakuna atakayedhani yamelengwa kwake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii ufa ni pembe moja ya kioo iliyoachwa na maji, na ukuta ni mteja ambaye safari ijayo atamwita mwingine bila hata kueleza sababu.