Paka anaumwa na hakuna anayejua ni nini: la kufanya ukiwa Nyabugogo

Chumba tunachopanga kiko mlimani, juu kidogo ya soko la Nyabugogo. Mahali penye maghala ya nafaka hapakosi panya, na kabla hatujapata paka walikuwa wakitoboa mifuko ya unga kila usiku. Paka alipokuja, unga ukapona. Watoto wakampa jina, na yule mdogo akazoea kulala naye.

Kisha siku moja paka hakula. Siku ya pili akajificha chini ya kitanda. Mtoto alipojaribu kumvuta, alikwaruzwa mkononi hadi damu ikatoka. Paka hakuwa na jeraha, hakutapika wala hakuharisha. Alikuwa amejikunja tu, macho nusu wazi.

Majirani walikuja na majibu matatu. Wa kwanza alisema amekula sumu ya panya. Wa pili alisema ametegewa na mtu asiyetupenda. Wa tatu alitoa kidonge mfukoni: "Ni homa tu, mpe nusu ya parasetamoli." Jibu la kwanza lingeweza kuwa kweli. La pili lingetuletea ugomvi bila kumponya paka. La tatu lingemuua.

Familia nyingi za wakimbizi hapa Kigali zina paka, na wachache kati yetu tumewahi kumpeleka paka kwa daktari. Makala hii inaeleza hatua unazoweza kuchukua hata kama jina la ugonjwa halijulikani. Mara nyingi halitajulikana, na bado mengi yanaweza kufanyika.

Angalia mambo matano, kisha uyaandike

Paka huficha maumivu. Ukiona amebadilika, ujue huenda ameanza kuugua siku kadhaa zilizopita. Chukua karatasi au simu, uandike saa na haya yafuatayo:

- Chakula na maji. Mara ya mwisho alikula lini? Anakunywa kuliko kawaida, au hanywi kabisa?
- Mkojo na choo. Umeona mkojo leo? Anachuchumaa bila kitu kutoka?
- Pumzi. Akiwa amelala, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja. Kati ya 20 na 30 ni kawaida. Zaidi ya 40 akiwa ametulia ni hatari.
- Fizi. Inua mdomo wake taratibu, ikiwa anakubali. Fizi nzuri zina rangi ya waridi. Fizi nyeupe zinaweza kumaanisha damu imepungua, za njano zinaweza kuonyesha shida ya ini, na za kahawia au bluu ni dalili kwamba mwili unakosa hewa.
- Mwendo na tabia. Anayumba? Amekuwa mkali ghafla, au mpole kupita kiasi?

Kama umehamia Kigali karibuni, andika na hilo pia. Wengi wetu tumeshuka gare ya Nyabugogo tukitoka Mahama, Kiziba au Kigeme, na paka aliyesafirishwa kwenye boksi ndani ya basi anaweza kujificha na kukataa chakula siku ya kwanza kwa hofu tu. Lakini hofu haipaswi kumfanya akae siku mbili bila kula.

Hali ambazo hazisubiri kesho

Mtafute daktari wa wanyama siku hiyohiyo ukiona moja kati ya haya:

- Paka dume anajikaza kukojoa na mkojo hautoki, au yanatoka matone tu. Njia ya mkojo imeziba. Asipofunguliwa anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Watu wengi hudhani amefunga choo.
- Anapumua mdomo ukiwa wazi.
- Anatokwa mate mengi, anatetemeka au anapata degedege.
- Miguu ya nyuma imepooza ghafla na analia kwa maumivu.
- Hajala chochote kwa siku mbili. Paka akikosa chakula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ini likishindwa tatizo dogo hugeuka kubwa. Paka mnene yuko hatarini zaidi.
- Ni mtoto wa paka anayetapika au kuharisha. Hukauka maji kwa saa chache.

Usimpe dawa ya watu

Mwili wa binadamu una njia ya kuivunja parasetamoli na kuitoa. Ini la paka halina uwezo huo wa kutosha, hivyo dawa hugeuka sumu, huharibu damu na kuifanya ishindwe kubeba hewa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, na hata nusu yake si salama. Ibuprofeni na aspirini nazo ni hatari kwake.

Vilevile, usimpake dawa ya kupe ya ng'ombe au mbwa. Baadhi zina permetrini, ambayo paka haivumilii hata kidogo. Ukishampaka kwa kutojua, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, kisha mpeleke kwa daktari.

Maziwa si dawa ya sumu. Paka wengi wakubwa huharisha wakiyanywa. Usimlazimishe kutapika kwa chumvi au mafuta. Anaweza kuyavuta kwenye mapafu.

Kama ni sumu

Eneo letu lina sumu za aina nyingi. Sumu za panya hazifanani. Zipo zinazozuia damu kuganda: paka huonekana mzima, kisha baada ya siku mbili hadi tano analegea, fizi zinakuwa nyeupe na damu inatoka puani au kwenye choo. Hii ina dawa, vitamini K1, ikitolewa mapema. Nyingine hushambulia mishipa ya fahamu, na ndani ya dakika au saa chache paka anatokwa mate na kutetemeka. Anaweza kula sumu yenyewe, au kumla panya aliyeila.

Wanaoishi upande wa Gatsata, kwenye gereji, wakumbuke pia dawa ya kupozea injini ya gari. Paka akikanyaga iliyomwagika na kulamba miguu yake, kiasi kidogo tu huharibu figo.

Ukipata pakiti au mabaki ya sumu, yafunge kwenye mfuko na uende nayo kwa daktari. Jina lililoandikwa kwenye pakiti ndilo linalomwonyesha dawa ya kutumia.

Na kabla ya kumshuku jirani, kumbuka kwamba karibu kila ghala na duka la chakula linapambana na panya. Sumu iliyowekwa kwa ajili ya panya haikuwekwa kwa ajili yako. Tunaishi ukuta kwa ukuta na watu ambao kesho tutawaomba msaada. Njia nzuri ni kuuliza kwa upole: "Samahani jirani, kuna mtu ameweka dawa ya panya hapa karibuni? Paka wetu anaumwa, tunataka kumweleza daktari." Swali hilo linaweza kuokoa paka na watoto wa jirani pia.

Mtu akikwaruzwa au kung'atwa

Hapa mambo yanahama kutoka kwa paka kuja kwetu. Kichaa cha mbwa huambukizwa hasa na mbwa, lakini paka naye hukipata na kukipitisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo huzuia.

Kwa hiyo paka mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini akimng'ata au kumkwaruza mtu:

1. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Usiweke majivu, mafuta wala jiwe jeusi.
2. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi na kadi ya mutuelle. Unaweza pia kupiga 114, namba ya bure ya Wizara ya Afya, kuomba ushauri.
3. Mfungie paka mahali salama, usimuue wala kumfukuza. Paka aliyeng'ata huangaliwa kwa siku 10. Akibaki hai na mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata. Usisubiri siku hizo ziishe ndipo uende kliniki.
4. Akifa ndani ya siku hizo, mjulishe daktari wa mifugo kabla ya kumzika.

Mama mjamzito asisafishe choo cha paka. Ikiwa hakuna mwingine, avae glavu au mfuko wa plastiki, asafishe kila siku, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Kumpata daktari

Mutuelle ni ya watu, haimlipii paka. Anzia ofisi ya umurenge wako, iwe Muhima, Kimisagara au Gatsata, uulize veterineri wa umurenge. Anaweza kukuona au kukuelekeza kwa mwingine anayetibu paka. Wauza dawa za mifugo nao huwajua madaktari. Uliza gharama kabla ya kuanza, na sema wazi uwezo wako ili akuambie kilicho muhimu zaidi.

Kama Kinyarwanda bado kinakupa shida, sentensi hizi zitakusaidia:

- *Injangwe yanjye irarwaye.* Paka wangu anaumwa.
- *Ntirya.* Hali chakula.
- *Ntishobora kunyara.* Hawezi kukojoa.
- *Yarumye umwana.* Amemng'ata mtoto.

Mbebe kwenye boksi lenye matundu au kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Usimpakate mikononi juu ya moto. Pikipiki ikipiga honi atakurarua na kukimbia.

Ukiambiwa "sijui"

Daktari tuliyempata alimpima paka wetu joto: lilikuwa nyuzi 40.5, wakati la kawaida huishia kama 39. Alimpapasa tumbo, akaangalia kibofu, masikio na mdomo. Kisha akasema bila kipimo cha damu hawezi kutaja ugonjwa. Alimchoma sindano, akampa maji ya dripu chini ya ngozi, akatuambia tumtunze nyumbani.

Matunzo hayo yanawezekana katika chumba kimoja. Mweke kwenye boksi lenye nguo kuukuu, mahali penye joto na kimya, mbali na watoto. Mwekee maji safi karibu. Mpe chakula chenye harufu kilichopashwa kidogo, kama dagaa waliolowekwa kutoa chumvi au mchuzi wa samaki usio na kitunguu, kijiko kimoja kila baada ya saa chache. Asipotaka, mpake kidogo mdomoni ailambe mwenyewe, usimmiminie kooni. Endelea kuandika yale mambo matano asubuhi na jioni. Baada ya siku moja, karatasi itakuonyesha kama anapanda au anashuka.

Wengine hawaponi. Ikitokea hivyo, mshike kwa mfuko wa plastiki, mzike kwa kina mbali na maji, usimtupe mtoni wala jalalani. Osha sakafu na vyombo vyake kwa sabuni, kisha kwa javeli iliyochanganywa na maji, kwa sababu virusi vya kuharisha vya paka vinaweza kukaa ndani ya nyumba hadi mwaka. Waambie watoto ukweli. Watoto waliokwisha kuacha nyumba, marafiki na mifugo nyuma yao wanajua mtu anapowaficha kitu.

Wetu alilamba mchuzi siku ya tano. Mtoto alikuwa amekwisha kupelekwa kituo cha afya jioni ileile aliyokwaruzwa, na siku ya kumi paka alikuwa bado hai, amekonda, amekaa mlangoni. Mpaka leo hatujui alikuwa anaumwa nini.