Betri ya kamera: Aina ina uzito kuliko nambari

MNAMO Juni 1, 2023, sherehe za kitaifa za Madaraka ziliandaliwa mjini Embu, katika Uwanja wa Moi. Siku kama hiyo mpigapicha hufika uwanjani mapema, na kazi humweka hapo kwa saa nyingi. Kamera ikizima Rais anapokagua gwaride, gwaride halirudiwi. Ndivyo ilivyo pia katika harusi ya Runyenjes au ruracio ya Siakago, ila huko hasara humwangukia mpigapicha mwenyewe: hukosa malipo, na hukosa wateja ambao wangemjia kwa kusikia sifa zake.

Aghalabu lawama hutupiwa kamera, ilhali kosa lilitendeka dukani betri zilipokuwa zikinunuliwa.

Chukua mfano wa mawe ya kawaida, yale ya zinki na kaboni yanayotiwa katika tochi na redio. Wakenya wengi wamekua nayo. Kiwanda cha Eveready mjini Nakuru, kilichofunguliwa mwaka wa 1967 na kufungwa 2014, kilivuma kwa sababu yake. Redio hutumia umeme kidogo kidogo. Kamera ya dijitali hudai umeme mwingi kwa ghafla ili lenzi isogee, skrini iwake na flashi ijae. Jiwe la zinki ni kama tangi lililojaa maji lakini lenye bomba jembamba. Maji yamo, ila hayatoki kwa kasi inayohitajika. Nguvu hushuka, nayo kamera hudhani betri imekwisha na kujizima. Jiwe lilo hilo likitiwa katika saa ya ukutani huendelea kufanya kazi kwa miezi. Mnunuzi hakuuziwa jiwe bovu. Aliuziwa jiwe la kazi nyingine.

Mawe ya alkalini ni afadhali, na yafaa kuwekwa mkobani kwa dharura. Hata hivyo, nayo huanza na volti 1.5 kisha hushuka hatua kwa hatua, na kamera au flashi ikiyavuta kwa nguvu hutoa sehemu tu ya umeme uliomo.

Linalowashangaza wengi ni kwamba betri za kuchaji za aina ya NiMH, zenye volti 1.2 pekee, hudumu zaidi katika kamera. Siri ni kuwa bomba lake ni pana: hutoa umeme kwa wingi na kushikilia kiwango chake karibu hadi mwisho. Kamera nyingi za siku hizi hazitumii tena betri za ukubwa huu wa AA, lakini flashi inayopachikwa juu ya kamera bado huhitaji nne, na katika ukumbi wenye mwanga hafifu flashi ndiyo hufanya kazi kubwa.

Betri za NiMH za zamani zilikuwa na ila moja: zilivuja umeme zikiwa zimekaa tu, hata zilizochajiwa mwezi uliopita zikapatikana zimedhoofika siku ya kazi. Ila hiyo ilipunguzwa sana mwaka wa 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilipotoa betri za Eneloop, ambazo huhifadhi sehemu kubwa ya umeme wake hata baada ya mwaka mmoja. Kampuni nyingine zilifuata. Betri za namna hii huuzwa zikiwa zimechajiwa tayari, na hiyo ni dalili nzuri ya kuzitambua.

Hapa ndipo nambari inapopotosha. Ujazo huandikwa kwa mAh, yaani miliampea-saa. Betri halisi ya AA ya NiMH huwa na kati ya 1,900 na 2,700 hivi. Inayojigamba kuwa na 4,000 yafaa iachwe rafuni, hata bei yake ikiwa ya kuvutia. Hasa bei yake ikiwa ya kuvutia.

Kamera kubwa hutumia betri ya lithiamu yenye umbo lake maalumu. Kijitabu cha kamera hutaja idadi ya picha, lakini idadi hiyo hupatikana kwa kipimo cha pamoja cha watengenezaji wa Japani: joto la nyuzi 23 na flashi ikiwaka katika nusu ya picha. Canon EOS 2000D, kwa mfano, hutajwa kutoa picha 500 hivi mpigapicha akitazama kupitia tundu, lakini 240 hivi akitumia skrini. Kwa hiyo anayependa kutazama skrini kila mara anahitaji betri mbili mahali ambapo mwenzake anatosheka na moja.

Na betri ya pili si anasa. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na maeneo mengi yakaamkia Jumamosi, siku ya harusi, bila umeme. Embu yenyewe imepakana na mabwawa ya Mto Tana yanayozalisha umeme wa taifa, lakini ujirani huo haukusaidia. Aliyezoea kuchaji usiku wa kuamkia sherehe hana kinga dhidi ya usiku kama huo.

Hali ya hewa nayo ina usemi wake. Katika nyanda za joto za Mbeere, betri ya lithiamu isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huizeesha upesi. Huko juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, baridi huifanya ionekane imekwisha kabla ya wakati. Wanaopanda mlima huweka betri ya akiba ndani ya koti, karibu na mwili, na kuibadilisha na ile iliyopoa. Iliyopoa ikishapata joto, mara nyingi hutoa picha kadhaa zaidi.