Kalibu, baruti na gobore: kabla hujayeyusha betri ya gari

Wiki mbili zilizopita, tukiwa hewani asubuhi, tulipokea ujumbe kutoka kwa msikilizaji wetu wa upande wa Magoma, Korogwe. Tunaufupisha: "Watangazaji, shikamooni. Nguruwe wamenimalizia muhogo. Nina gobore la marehemu baba. Mpwa wangu amenionyesha video ya Wamarekani wanajimiminia risasi wenyewe na wanaangusha nguruwe kwa bastola. Mimi nina betri mbili mbovu za gari. Nikiziyeyusha, si nitapata risasi za kutosha?"

Siku ile tulimjibu kwa dakika mbili, tukaingia taarifa ya habari. Simu zilizofuata zilituonyesha kuwa dakika mbili hazikutosha. Wapo wa Handeni waliosema babu zao walikuwa wakifanya hivyo hivyo na hawakufa. Wapo waliosema tumewafundisha watu uhalifu. Basi tuandike kwa utulivu.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa vitu viwili: ile metali laini ya kijivu, na kile kitu kinachotoka kwenye mdomo wa bunduki. Neno limetoka kwenye Kiarabu na linabeba historia yake, maana kwa karne nyingi kilichotoka kwenye bunduki kilikuwa ni metali hiyo tu. Inayeyuka kwa nyuzijoto 327, moto ambao jiko la mkaa lenye kupulizwa vizuri linaufikia. Ni nzito, sentimita moja ya ujazo ina gramu 11 na kitu, wakati ya chuma haifiki 8. Na ni laini, haikwangui kasiba. Ndiyo maana wazee walikuwa na kalibu, yaani koleo la chuma lenye mashavu mawili na tundu katikati. Unamimina risasi iliyoyeyuka, unasubiri igande, unafungua, inadondoka gololi.

Huku kwetu vitu hivyo vilifika mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Katika karne ya 19 bunduki na baruti zilipanda kutoka Pangani na Saadani pamoja na misafara. Wazigua walizipata, na Semboja, mtoto wa Kimweri ya Nyumbai, alipojikita Mazinde kwenye njia ya misafara, nguvu yake kubwa ilikuwa ni bunduki zilizopita mlangoni kwake. Baada ya Kimweri kufariki, mwanzoni mwa miaka ya 1860, vita vya kugombea Usambaa vilipiganwa kwa bunduki za kushindilia kwa mdeki.

Kwa nini basi gobore limebaki mpaka leo wakati dunia imehama? Sababu moja ni karatasi. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba wa Brussels. Pamoja na mambo ya biashara ya utumwa, mkataba huo ulizuia bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya kasiba zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Zilizoachiwa mwanya ni zile za zamani za gumegume, zisizo na mifereji. Mwaka 1896 Wajerumani, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, wakaleta amri ya uwindaji, na kuua mnyama kukawa jambo la leseni. Mkulima akabaki na bunduki ya zamani kwa sababu ndiyo aliyoachiwa. Sisi tunasema hivi kwa wale wanaolicheka gobore kana kwamba ni ujinga wa mtu wa kijijini.

Sasa video ya mpwa. Haidanganyi, ila haionyeshi kila kitu. Kule Marekani kuwinda kwa bastola ni mchezo wa miaka mingi. Mtu anayetajwa zaidi ni Elmer Keith, mfugaji wa Idaho aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki mwaka 1984. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alibuni umbo la risasi ya kumimina kwa bastola ya .44, yenye pua bapa na mabega makali, uzito wa greini 250 hivi, sawa na gramu 16. Pua bapa ilikuwa na sababu: risasi yenye ncha ya mviringo inapita kwenye nyama kama sindano, ya pua bapa inapasua njia pana zaidi bila kulazimika kukimbia sana. Mwaka 1955 kampuni za Smith & Wesson na Remington zikatoa .44 Magnum, na kazi ya Keith ilichangia sana kuizaa.

Anayechagua kalibu kule hanunui tu ile iliyopo dukani. Kwanza anapima kasiba ya bastola yake. Risasi lazima iwe pana kuliko kasiba kwa sehemu moja au mbili tu za elfu ya inchi, ili izibe vizuri na gesi isipite pembeni. Ikiwa nyembamba, gesi inaiunguza ubavuni na kuacha utando wa risasi kwenye mifereji, bastola inakosa shabaha. Wenye uzoefu wanasema kukaa sawa kwenye kasiba kuna maana kuliko ugumu wa metali. Hata hivyo ugumu nao wanaupima. Risasi tupu ni laini mno kwa mwendo wa kasi, kwa hiyo huchanganywa na bati na antimoni, lakini ikizidi ugumu inaweza kuvunjika vipande inapogonga mfupa. Nyingine huvishwa kikofia cha shaba kwenye kitako ili zistahimili moto. Baruti nayo inapimwa kwa mizani, ganda moja baada ya jingine, kwa kufuata kitabu kilichotolewa na watengenezaji waliopima mgandamizo maabara.

Mgandamizo huo ndio unaotutisha. Kiwango cha juu cha .44 Magnum ni 36,000 kwa kipimo kile kile ambacho fundi wa matairi pale Segera anasoma 30 anapojaza upepo gari dogo. Mara 1,200. Bastola hiyo imetengenezwa kwa chuma maalumu na kujaribiwa kiwandani kabla haijauzwa.

Gobore letu halikujaribiwa na mtu. Mengi kasiba yake ni bomba la maji au fimbo ya usukani wa gari bovu. Bomba la maji mara nyingi lina mshono kwa urefu wake, na likizidiwa hupasuka papo hapo kwenye mshono, sentimita chache kutoka kwenye shavu la mpigaji. Anayelipakia anakadiria kwa kiganja au kifuniko cha chupa. Nani aliwahi kupima kama kiganja cha leo ni sawa na cha jana? Mbaya kuliko yote ni mtu anayefungua risasi ya kiwandani, anachukua baruti ile isiyotoa moshi na kuishindilia kwenye gobore. Baruti nyeusi ya zamani na hii ya kisasa si ndugu. Kiasi kinachoonekana kidogo cha baruti ya kisasa kinatosha kuligeuza gobore kuwa bomu. Wanaojaza vipande vya nondo wanakwangua kasiba na kuidhoofisha kila wanapopiga.

Ndiyo maana hatutaandika vipimo hapa, wala namna ya kuchanganya chochote. Mliotuandikia mkivitaka, mtuwie radhi.

Betri ni habari nyingine, na hapa tunaomba akina mama wasome kwa makini kuliko wawindaji. Hata wamiminaji wa Marekani wanaonyana wao kwa wao wasiguse betri za gari. Kuna tindikali, na bamba za betri za siku hizi zina viungo ambavyo vikikutana na moto na unyevu vinaweza kutoa gesi yenye sumu kali. Na risasi yenyewe ni sumu hata bila gesi hizo. Vumbi lake linakaa kwenye nguo, kwenye sakafu ya udongo, kwenye vidole vya mtoto anayecheza jirani na moto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ananyonya sehemu kubwa zaidi ya anachomeza kuliko mtu mzima, na kinachoumia ni ubongo. Haumwi siku hiyo. Unakuja kuona darasani. Kwa mjamzito, risasi inapita mpaka kwa mtoto tumboni.

Majirani zetu wa Mombasa waliyapata haya. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kwa miaka kadhaa hadi kilipofungwa mwaka 2014. Wakazi waliugua, watoto walikutwa na risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kile kilikuwa kiwanda, lakini metali ni ile ile iliyomo kwenye betri mbili za msikilizaji wetu.

Hata nyama ina neno. Risasi laini ikigonga mnyama kwa kasi inamwaga chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na huweza kusambaa mbali na tundu la jeraha. Marisau yanabaki ndani ya minofu. Ukipika na ndimu au siki, kama tunavyopenda, ukali ule unayeyusha risasi zaidi kwenye mchuzi. California imepiga marufuku risasi za metali hiyo kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, hasa kwa ajili ya ndege wala mizoga.

Upande wa sheria tupite haraka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea silaha wala risasi nyumbani bila kibali. Gobore la urithi halirithiwi kama jembe. Mwenye leseni akifariki, familia inapaswa kuripoti polisi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni ya kuwinda, hata kwa nguruwe pori, na inakataza sumu, mitego na mashimo. Wageni wanaolipa kuja kuwinda hutumia bunduki ndefu, kwa nyati, tembo na simba ni kuanzia .375, na bastola hairuhusiwi hata kwao. Kwa hiyo video ile, hata ungekuwa na pesa ya Mmarekani, hapa haifanyi kazi.

Tunajua jibu la "ripoti kwa afisa wanyamapori" linachosha. Mtu wa Kwamsisi au Sindeni anajua umbali wa kwenda Chanika na anajua nguruwe hawasubiri barua. Malalamiko hayo ni ya haki na tumeyapeleka hewani mara nyingi. Kifuta jasho kinachotolewa kwa kanuni za mwaka 2011 kililenga wanyama hatari kama tembo, kiboko na mamba, si nguruwe aliyechimbua robo eka. Kilichowasaidia baadhi ya wasikilizaji wetu ni kulinda kwa zamu shamba kwa shamba, kufyeka vichaka pembezoni ili nguruwe wasipate pa kujificha mchana, na kuomba kwa maandishi kupitia mtendaji wa kijiji, wakiwa wengi, askari wa wanyamapori waje kufukuza. Barua ya watu 20 hujibiwa mapema kuliko ya mtu mmoja.

Kuhusu gobore la marehemu, miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, hasa Septemba na Oktoba. Linapelekwa kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa, na ndani ya muda huo aliyelileta hashtakiwi kwa kulimiliki. Likabidhiwe likiwa tupu. Kama huna hakika limeshindiliwa au la, usilibebe, waite polisi walifuate.

Msikilizaji wetu wa Magoma alituandikia tena juzi. Kumbe betri moja alishaipasua, na sehemu yake akaiyeyusha kwenye sufuria ya nyumbani. Aliuliza kama akiisugua kwa mchanga inafaa kurudi jikoni. Tulimjibu haifai, aitoboe kitako ili asije mtu akaitumia, asifagie pale alipoyeyushia bali amwagie maji na kuuzika udongo wa juu mbali na kisima, na watoto wawili waliokuwa wakimpulizia moto awapeleke hospitali ya wilaya, amweleze daktari neno hilo hilo: risasi, ya betri.