Hasara ya Hasira Hulipwa na Nani?

Methali ya "hasira hasara" tunaijua tangu utotoni, na pengine ndiyo iliyotufanya tuamini kwamba hasira tumeshaielewa. Lakini methali hiyo haisemi hasara inamwangukia nani. Ukiutazama ukanda wa dhahabu wa Tanzania, kuanzia Kahama na Mwakitolyo mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu, Rwamgasa na Katoro mkoani Geita, utaona kwamba anayeilipa hasira mara nyingi siye aliyeichokoza. Hasira huku husafiri: huzaliwa shimoni ikalipwa jikoni, huletwa na ukame ikamwangukia bibi kizee. Ndiyo maana nasaha ya kumwambia mtu ahesabu hadi kumi, ikaishia hapo, ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kumsaidia ajue hasira ile imetoka wapi, na hiyo ndiyo tunayoisahau.

Mchimbaji mdogo kwa kawaida hana mshahara. Anachimba duara, yaani shimo la dhahabu, kwa wiki au miezi, akilishwa na mfadhili, akisubiri mgao wa mifuko ya mawe siku mwamba wenye mali utakapofikiwa. Usipofikiwa, au mawe yakipita karashani yanakosagwa na mwaloni yanakooshwa yasitoe kitu, hana wa kumlaumu. Jiwe halijibu. Mfadhili ndiye anayemlisha, hivyo hathubutu kumpandishia sauti. Juu ya hayo kuna woga ambao wanaume hawautaji kwa jina lake. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa siku 41, na kila anayeteremka kwa kamba anajua kwamba wengi hawakupata bahati hiyo. Mwili unaoishi na hofu ya namna hii haupumziki: moyo unakwenda mbio, misuli imekaza, usingizi ni wa vipande. Hofu iliyokosa pa kusemwa hutoka ikiwa ukali, na neno dogo la nyumbani linatosha kuiwasha.

Tena kuna zebaki. Dhahabu iliyonaswa kwa zebaki huchomwa motoni, pengine nyumbani kwenye jiko la mkaa, na mvuke wake huingia mapafuni, ukafika kwenye damu na ubongo. Madaktari waliyaona madhara yake zamani kwa mafundi wa kofia wa Ulaya, waliotumia zebaki kutayarisha manyoya: mikono ilitetemeka, usingizi ukapotea, wakawa wepesi wa kukasirika. Rwamgasa ilichunguzwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, na taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 2010 ilionyesha dalili za sumu hiyo kwa wachimbaji, hasa wachomaji. Mke anayesema mumewe amebadilika tangu aanze kuchoma dhahabu huenda anataja dalili ya ugonjwa bila kujua. Hilo halimpi mume ruhusa ya kuinua mkono, hata kidogo. Linatuambia tu kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji kupimwa, si kuonywa peke yake.

Ushahidi mzito zaidi wa hasira inayosafiri unatoka Meatu, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga kabla ya kuanzishwa Mkoa wa Simiyu. Mwanauchumi Edward Miguel alikusanya habari za vijiji 67, akachapisha matokeo yake mwaka 2005. Katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka ya kawaida, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee, tena mikononi mwa jamaa zao. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Miguel anaeleza jambo hili kwa uzito wa njaa juu ya kaya maskini, na sina sababu ya kumpinga. Lakini njaa peke yake haimchagui bibi. Anachaguliwa kwa sababu mvua haina shingo ya kukabwa. Hata macho mekundu yaliyofanywa alama ya uchawi yana chanzo kinachojulikana: miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni katika chumba kisicho na dirisha. Ndani ya nyumba mkondo ni ule ule. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 uliiweka Shinyanga miongoni mwa mikoa yenye ukatili mwingi zaidi wa wenzi wa ndoa: zaidi ya wanawake saba kati ya kila kumi waliowahi kuolewa walikuwa wameuonja, kwa kipigo, kwa kulazimishwa au kwa maneno.

Wapo watakaosema dawa ni kuitoa: mtu apige kelele, apige ukuta, yaishe. Mwaka 2002 Brad Bushman wa Marekani aliwajaribu wanafunzi 600. Waliopiga gunia huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walijumlisha tafiti 154, wakakuta kwamba kinachopunguza hasira ni kinachoupoza mwili: kupumua taratibu, kulegeza misuli, kutulia. Pombe ya gongo haimo.

Pingamizi zito ni jingine. Kumwambia maskini apumue taratibu huku akipunjwa mgao wake, je, si kumfunga mdomo? Ingekuwa hivyo kama pumzi ingekuwa mwisho wa safari. Mimi naiona kuwa mwanzo. Mtu aliyetulia anaweza kudai. Aliyefura hupigana na jirani, na aliyempunja akabaki salama. Hasira ya mchimbaji aliyedhulumiwa ni ya haki, na inastahili kufika mahali pake: kwenye mkataba wa mgao ulioandikwa kabla duara halijaanza, kwa afisa madini, kwenye baraza la kata. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, lilileta mzani na bei inayoonekana, na naamini limezuia ugomvi ambao mahubiri yasingeuzuia.

Nyumbani, kipimo ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Ni mume aliyetoka duarani mikono mitupu kusimama kwanza nje ya mlango, pumzi zishuke, kisha aingie na kusema, "Leo hatukupata kitu, na nimeogopa." Na ni mhudumu wa zahanati ya Rwamgasa au Nyarugusu, akiletewa mtu anayetetemeka vidole na asiyelala, aliyeletwa kwa sababu amekuwa mkali kupita kiasi, kumuuliza kabla ya yote kama anachoma dhahabu, na anaichomea wapi.